Utitiri Chini ya Jani la Serikali

Wanaosema kwamba Jamhuri ya Tambarare haiwajali wagonjwa wake ni waongo, na tena ni watu wasiosoma Gazeti la Serikali. Mwaka ule wa ukame Bunge la Tambarare lilikaa siku kumi na moja mfululizo, likala, likanywa, likasinzia, na mwisho likapitisha kwa makofi Sheria ya Jani la Dawa. Tangu siku hiyo kila raia mwenye maumivu yasiyosikia vidonge aliruhusiwa kupanda nyumbani kwake mibangi mitatu. Ila asiiite mibangi. Bangi ilibaki kosa la jinai, kifungo miaka saba. Jani la Dawa lilikuwa fahari ya taifa. Tofauti ya hivyo viwili ni muhuri.

Katika Mtaa wa Shibe aliishi fundi viatu mmoja, Makungu, mtu wa miaka hamsini na minane, vidole vimemkauka kwa gundi, mdomo umezoea kubana misumari. Maisha yake yote hakuwahi kupanda hata kitunguu. Mkewe aliitwa Mashavu. Hawakujaliwa mtoto, na kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa jambo zito kuliko yote katika nyumba yao, mpaka saratani ilipoingia kwenye mifupa ya nyonga ya Mashavu na kuwaonyesha kwamba kuna mazito zaidi.

Ulikuwa mwezi wa tatu Mashavu hajalala usingizi wa kueleweka. Alisinzia kidogo akiwa amekaa, ameegemea mto, kisha maumivu yakamwamsha kama askari anayegonga mlango. Chakula kikifika mdomoni kilirudi. Yale mashavu aliyopewa jina kwa ajili yake yalikuwa yamezama, ungeweza kuweka ndani yake punje ya kunde.

Daktari wa hospitali ya wilaya alimvuta Makungu pembeni, nyuma ya kabati la faili.

"Mzee, kuna mafuta yanayopikwa kwa lile jani," alimnong'oneza. "Hayaponyi. Sitaki nikudanganye. Lakini yanampa mtu usingizi, na hamu ya kula kidogo. Kwa hali ya mama, usingizi si jambo dogo."

"Yanapatikana wapi, daktari?"

"Hayapatikani. Sheria inasema yapandwe."

Basi Makungu akafunga kibanda chake cha viatu, akaenda kupanda.

*

Afisa Majani wa Kata alikuwa Bwana Telesfori, mtu mwembamba aliyevaa koti la suti kwenye joto lile, na mfuko wa koti una kalamu nne zisizoandika. Aliisoma sheria kwa sauti, akiwa amesimama, kama anasoma injili.

"'Mgonjwa atapanda, atapalilia na kulitunza Jani kwa mikono yake mwenyewe.' Yuko wapi mgonjwa?"

"Kitandani, bwana. Hawezi kusimama."

"Basi hawezi kupanda."

"Angeweza kusimama, asingelihitaji jani."

Bwana Telesfori alifikiri. Katika Tambarare afisa akifikiri ni lazima afumbe macho, ili mwananchi aone kazi inafanyika. Alipoyafumbua alikuwa amepata ufumbuzi.

"Utaandikishwa wewe. Utakuwa Mgonjwa Mwakilishi."

"Lakini mimi ni mzima."

"Ndiyo maana nikasema mwakilishi. Mbunge wako ana njaa?"

"Hana."

"Anawawakilisha watu gani?"

Makungu akasogea mezani. Akatia kidole gumba kwenye wino. Akaelezwa masharti: mibangi, yaani Majani, yapandwe uwanjani mahali pa wazi, ua usizidi urefu wa goti ili Serikali ikipita ione. Kila mche uvae kibati cha namba. Kila Jumatatu majani yatahesabiwa, na jani lolote litakalokosekana litachukuliwa kuwa limevutwa, mpaka mhusika athibitishe vinginevyo. Hadi siku ya mavuno kupigwa muhuri, kila jani ni mali ya Jamhuri. Na kila afisa anapokuja kukagua, Mgonjwa Mwakilishi aonyeshe dalili.

"Dalili gani, bwana?"

"Chechemea. Guna kidogo. Tusidanganyane, Mzee Makungu, Serikali haiwezi kumhudumia mtu mwenye afya."

Akapewa mbegu tatu ndani ya bahasha yenye picha ya Rais, ambaye jina lake la heshima ni Baba Tambarare, pamoja na kitabu kizito: *Mwongozo wa Mkulima Mgonjwa*, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Kurasa tisini za mwanzo zilikuwa picha za Waziri wa Majani ameshika jembe. Makungu alikisoma chote kwa vituo, usiku na mchana, kidole kikifuata mstari. Alipofika sura ya kumi na nne, iitwayo "Wadudu na Magonjwa ya Majani," alikuta sentensi moja: *Kufuatia hotuba ya Baba Tambarare ya Siku ya Wakulima, Jamhuri haina wadudu waharibifu.*

Alishusha pumzi. Alau hilo moja halitamsumbua.

*

Mbegu ziliota zote. Siku vichwa vya kijani vilipotokeza Makungu alimbeba Mashavu mpaka dirishani, akamwekea mito mitatu.

"Vile vidogo vile?" Mashavu aliuliza.

"Vitakua."

"Vikue haraka, bwana. Mimi sina saa nyingi."

Neno hilo lilimwingia Makungu kama sindano ya kushonea soli. Tangu hapo akawa anaimwagilia miche asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi, ndoo kwa ndoo, kama anazima moto. Baada ya wiki mbili majani ya chini yakageuka manjano, mashina yakalegea, udongo ukaota ukungu wa kijani.

Jirani yao, Bi Mwatumu, alikuwa mjane aliyeishi kwa kulima mchicha na nyanya nyuma ya nyumba. Alimwita Mashavu dada, na kwa hiyo Makungu alikuwa shemeji yake, hata kama hakuna damu iliyowahi kuwakutanisha. Alisimama kwenye ule ua wa magotini, mikono kiunoni.

"Shemeji, unapanda au unazamisha?"

"Nataka ikue haraka."

"Mizizi nayo inapumua. Ukimshika mtoto kichwa ukamtia kwenye pipa la maji atakua haraka? Tia kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu mpaka kwenye kiungo cha pili, mwagilia. Kikitoka na matope, kaa na mkeo."

Makungu akatia kidole. Kikatoka na matope. Akaenda kukaa na mkewe. Siku ya sita miche ikainua vichwa, na mwezi uliofuata ilikuwa imefika kiunoni, majani yake yamekunjuka kama viganja. Bwana Telesfori alihesabu Jumatatu ile majani mia nne na themanini na mawili katika miche mitatu, huku Makungu akichechemea pembeni yake.

"Guna," Bwana Telesfori alimkumbusha.

Makungu akaguna.

*

Kisha ukaja upepo wa kiangazi na vumbi lake. Asubuhi moja Makungu aliona nukta kwenye jani moja, nyeupe nyeupe, ndogo kama mtu amelichoma kwa ncha ya msumari mara mia. Kesho yake majani sita yalikuwa hivyo. Kesho kutwa hakuhesabu. Rangi ya kijani ilikuwa inafifia kutoka ndani, majani yanageuka rangi ya shaba, kingo zinajikunja. Aliyatazama kwa juu, akayafuta kwa kitambaa, akayapuliza. Hakuona mdudu yeyote. Na ndani ya nyumba Mashavu alikuwa ameanza kung'ata pembe ya mto ili majirani wasimsikie.

Makungu akakimbilia Ofisi ya Majani.

Bwana Telesfori alikuja na kamati ya watu wanne, kila mmoja na daftari. Walizunguka miche mara tatu.

"Nini maoni ya kamati?" aliuliza.

"Majani yana wasiwasi," alisema wa kwanza.

"Yamekosa uzalendo," alisema wa pili. "Tazameni yanavyoinamisha vichwa. Picha ya Baba Tambarare iko wapi uwanjani hapa?"

Wa tatu alisema ni jua. Wa nne alisema anaungana na wasemaji waliotangulia.

"Huenda ni wadudu, waheshimiwa?" Makungu aliuliza.

Kalamu zote zikasimama. Bwana Telesfori alimshika mkono, akampeleka mpaka karibu na choo.

"Mzee Makungu, umesema nini?"

"Nimeuliza tu."

"Baba Tambarare amesema hakuna wadudu. Wewe ukisema wapo, mmoja wenu amekosea. Unataka niandike nani?"

Akaandika *wasiwasi wa majani*, akaagiza picha ya Rais ining'inizwe kwenye mti ulio karibu. Makungu akaining'iniza. Majani yakaendelea kukauka.

*

Bi Mwatumu alipoyaona hakuuliza swali. Aliomba karatasi nyeupe. Hapakuwa na karatasi nyeupe isipokuwa ule ukurasa wa sura ya kumi na nne, kwa hiyo Makungu akauchana. Bi Mwatumu aliukinga chini ya tawi, akaligonga tawi kwa kidole mara tatu, akamletea Makungu karatasi karibu na pua.

"Tazama. Usipumue."

Makungu alitazama. Vumbi, alidhani. Kisha vumbi likatembea.

Bi Mwatumu alilikandamiza kwa kidole gumba. Likaacha mstari mwembamba, mwekundu.

"Utitiri," alisema. "Mdudu huyu hakai juu ya jani, shemeji, anakaa chini yake. Wewe umefuta meza wiki nzima na panya wako chini ya meza. Geuza."

Makungu aligeuza jani, na ndipo alipoona. Utando kama wa buibui, mwembamba kuliko uzi wowote aliowahi kushika. Vidoa vingi vikitambaa ndani yake na mayai mfano wa chumvi iliyosagwa. Walikuwa maelfu. Walikuwa wakinywa dawa ya mke wake, jani moja baada ya jingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye kumbukumbu za Serikali.

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mtu mzima yule, akalia.

"Inuka," Bi Mwatumu alisema. "Nyanya zangu nimeziokoa na hawa hawa mara mbili. Wanapenda ukavu na vumbi, wanachukia maji. Kila siku tatu piga maji chini ya majani, kwa nguvu, waanguke. Kisha maji ya sabuni kidogo na mwarobaini uliopondwa, jioni jua likishapoa, si mchana, utayaunguza. Na yale majani yaliyoliwa nao kabisa, kata, choma."

"Nikate?"

"Kata."

"Mwatumu, yamehesabiwa."

Bi Mwatumu alikitazama kibati cha namba kwenye mche, akarudi kwenye nyanya zake. 

*

Maji alipiga. Sabuni alinyunyiza. Lakini yale majani thelathini na tatu yaliyokuwa ngome ya utitiri hayakufaa kuachwa, na hatimaye Makungu aliyakata. Hakuyachoma. Aliyatia kwenye mtungi wa kioo, akaufunga kifuniko, ili Jumatatu Serikali iyaone yote na kuridhika.

Bwana Telesfori aliyatazama yale majani ndani ya mtungi.

"Haya ni nini?"

"Ni yale yale, bwana. Thelathini na tatu. Hakuna lililovutwa."

"Fomu ina safu mbili, Mzee Makungu. 'Majani yaliyoko mtini' na 'Majani yaliyovutwa.' Hakuna safu ya mtungi."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nitarudi baada ya sala ya adhuhuri," alisema Bwana Telesfori, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto watano na kazi moja. "Nikirudi nikayakuta mtini nitaandika mtini. Nisipoyakuta nitaandika miaka saba."

Makungu alichukua uzi wa nta anaoshonea viatu. Akakaa juani, akayafunga yale majani maiti kwenye matawi, jani moja moja, fundo dogo dogo. Aliona kwa macho yake utitiri ukishuka kwenye uzi, unapita kwenye fundo, unaingia kwenye jani bichi. Aliuponda kwa kucha mpaka kucha zikawa nyekundu. Kutoka dirishani alimsikia Mashavu akimwita, sauti haina nguvu ya kuvuka uwanja, naye hakuweza kwenda kwa sababu lilikuwa limebaki jani la thelathini na moja, la thelathini na mbili.

Bwana Telesfori alirudi, akahesabu, akaandika *yote yapo*. Alimpongeza.

Wiki tatu baadaye mche namba mbili ulikufa. Ulipewa cheti cha kifo chenye nakala nne. Sababu ya kifo: *wasiwasi*.

*

Kwa kuwa miche mingine mia mbili na kumi katika wilaya hiyo ilikuwa imekufa yote, miwili ya Makungu ikawa ndiyo shamba la mfano la taifa. Likaja gari la matangazo. Likaja turubai, likaja zulia jekundu lililotandikwa juu ya vumbi mpaka kwenye mti wa picha ya Baba Tambarare. Akaja Waziri wa Majani mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Kivumbi, na wapiga picha saba. Makungu alikuwa amefundishwa maneno ya kusema. Mashavu alikuwa ameombwa, kwa heshima zote, asiugue kwa sauti kuanzia saa tatu mpaka saa sita.

Profesa Kivumbi alihutubia kwa muda wa saa nzima na dakika ishirini.

"Ndugu zangu, mataifa makubwa yana madaktari! Sisi tuna majani! Mataifa makubwa yana dawa za kuulia wadudu! Sisi, wadudu hatuna!"

Makofi.

"Na hapa, mbele yangu, amesimama mgonjwa wa taifa hili. Mgonjwa mwenye furaha! Mzee, waambie wananchi. Umewahi kuona mdudu?"

Makungu alifungua mdomo aseme *hapana, Mheshimiwa, kwa uongozi wako imara*. Lakini katika ukimya ule, kutoka dirishani, ikasikika sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejizuia muda wa saa mbili na nusu, akashindwa.

Makungu akaguna, na safari hii hakuna aliyemkumbusha.

"Wapo, Mheshimiwa," alisema. "Wako chini ya jani. Nimekaa nao miezi mitatu. Wamekula mche mmoja wanamalizia mingine, na sheria yako hainiruhusu kuwatoa. Geuza jani uone. Nakuomba. Geuza moja tu."

Kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana. Profesa Kivumbi, kwa kuchanganyikiwa, akageuza jani. Wapiga picha wote saba wakapiga.

Wanasheria wa wizara walikaa chini ya lile turubai kwa nusu saa, wakatoka na uamuzi usio na ufa. Jamhuri haina wadudu. Hilo halina mjadala. Wadudu wameonekana kwa Makungu. Kwa hiyo wadudu ni wa Makungu. Akashitakiwa kwa kosa la kufuga mifugo bila kibali, idadi isiyojulikana, na ile miche miwili ikang'olewa na udongo wake, ikatiwa kwenye mabeseni, ikapelekwa kituo cha polisi kama kielelezo.

*

Kesi ilipangiwa tarehe: mwaka wa keshokutwa, baada ya masika. Makungu aliachiwa kwa dhamana ya Bi Mwatumu, kwa sharti moja. Kielelezo kikifa, kesi itakufa, na mtuhumiwa atahesabiwa kuwa ameharibu ushahidi. Hivyo kila siku aripoti kituoni kukitunza.

Mche mmoja haukuvumilia safari. Wa mwisho uliwekwa nyuma ya kituo, palipopata jua la asubuhi, chini ya ulinzi wa Sajini Perusi, mama mnene, mpole wa maneno, aliyekuwa anafuma kofia za watoto kwenye zamu.

"Haya," alisema siku ya kwanza. "Tunza."

Makungu alisimama na kopo la maji, akiogopa. "Majani mabaya nayakata, afande?"

"Kwani kuna anayeyahesabu?"

"Hakuna?"

"Sheria ya majani ni ya mazao. Hiki si zao, ni kielelezo. Kwenye hati kimeandikwa 'mche, mmoja.' Ukibaki mmoja, mimi nimelala usingizi."

Makungu akakata. Alikata kila jani lenye utando, akalichoma kwenye bati. Akapiga maji chini ya majani, akanyunyiza mwarobaini, akarudia siku ya tatu, na siku ya sita, na siku ya tisa. Aligonga matawi juu ya upande mweupe wa fomu za polisi, akachungulia bila kupumua. Siku ya kumi na mbili vumbi lililoanguka halikutembea. Aligonga tena. Halikutembea.

Alipiga magoti nyuma ya kituo cha polisi akashukuru. Katika Jamhuri nzima ya Tambarare, hapo palikuwa mahali pekee ambapo Jani la Dawa liliweza kutibiwa.

Mche ulitoa majani mapya, kisha vikonyo vyake vikajaa maua mazito yenye kunata, harufu ikafika mpaka mahabusu, na mahabusu wakaacha kulalamika kuhusu chakula. Nyumbani, Mashavu alikuwa haongei tena sentensi nzima. Alikuwa anasema neno moja na kupumzika. Makungu alipomgeuza kitandani aliona mwili wake umekuwa mwepesi kama kiatu kisicho na soli.

Ilikuwa tarehe kumi, saa nne na robo asubuhi, alipokuja kituoni na mkasi wake wa ngozi.

"Afande," alisema, "nakuja kuiba. Nimeona nikuambie."

Sajini Perusi aliendelea kufuma mpaka akamaliza mstari.

"Hali ya mama ikoje?"

"Hajala tangu Ijumaa."

Perusi aliweka kofia chini, akafungua kitabu cha matukio, akachukua kalamu, akatazama ukutani.

"Kata basi, mimi naandika. *Saa nne na robo, mtuhumiwa amekata maua ya kielelezo.* Siwezi kutoandika, mzee wangu. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii na sijawahi kuandika uongo."

"Watanikamata lini?"

"Kitabu kinasomwa makao makuu mwisho wa mwezi," alisema. "Mwezi huu una siku thelathini na moja."

*

Maua yalianikwa uvunguni mwa kitanda cha Mashavu, penye giza na hewa. Yalipokauka, yule daktari wa nyuma ya kabati alikuja mwenyewe na baiskeli, amevaa kanzu ili asijulikane. Akasimamia yakipikwa ndani ya mafuta ya nazi jikoni kwa Bi Mwatumu, akaonyesha kiasi cha kuanzia: kitone mfano wa punje ya mchele, kisha kungoja.

Siku ya kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya pili Mashavu alisema mguu umekuwa mbali kidogo. Siku ya nne, ambayo ilikuwa tarehe thelathini na moja, aliomba uji. Akanywa vijiko vitano, havikurudi. Akaomba apunguziwe mito. Makungu akaitoa mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi mke wake alilala chali kama watu wanavyolala, mdomo wazi, akikoroma.

Makungu alikaa sakafuni akisikiliza ule mkoromo. Huko nyuma, katika miaka thelathini ya ndoa, aliwahi kuulalamikia.

Saa saba mchana gari la polisi likaingia uwanjani. Wakashuka watano. Mkubwa wao alivuta pumzi ili atangaze, kwa mujibu wa sheria, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. Makungu alitoka mbio, viganja viwili mbele.

"Nakuja, nakuja. Nimekubali yote. Ila nawaombeni, msipige kelele. Amelala."

Mkubwa yule aliishika pumzi yake kifuani. Alichungulia dirishani. Wale wengine wanne nao wakachungulia, mmoja juu ya bega la mwenzake. Mkoromo ukaendelea.

"Tangu lini hajalala?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Miezi kumi."

Walitazamana. Gari lile lilikuwa la Serikali, na gari la Serikali ya Tambarare likiwashwa hulia kama punda anayechinjwa. Hilo linajulikana na kila mtu. Baada ya uwanja palikuwa na kile kilima ambacho kwenye ramani ya taifa hakimo, kwa kuwa nchi ni tambarare.

"Tulisukume mpaka kule juu," mkubwa alinong'ona. "Tukawashie upande wa pili."

Wakasukuma. Watano hawakutosha. Gari lilipanda hatua mbili likarudi tatu, buti zikiteleza kwenye vumbi. Hapo mkubwa akamgeukia Makungu, akamfungua pingu alizomvika dakika hiyo hiyo, na Makungu akaweka bega lake kwenye bati la nyuma, kati ya makonstebo wawili, akasukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Gari likaanza kupanda, polepole, bila sauti ila pumzi za watu sita.

Mashavu aliamka alasiri jua limeshageuka. Alimkuta Bi Mwatumu ameketi kando ya kitanda, macho yamemvimba.

"Makungu yuko wapi?"

Bi Mwatumu alimrekebishia shuka.

"Amekwenda kuwasaidia watu kusukuma gari, dada."

"Ndizo zake," Mashavu alisema. Ilikuwa sentensi nzima. Alijinyoosha, taratibu, kama anaupima mwili wake. "Atarudi na njaa huyo. Uji uliobaki msiumwage. Mwekeeni."